Nyirinyiri ya Mbwa Mwitu

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutengeneza vyombo vilivyovunjwa na upepo nisioujua. Karakana yetu iko Hockley, hapa Birmingham, karibu na mtaa wa masonara, ghorofani juu ya mtu anayeng'arisha vikombe vya fedha. Sisi tunashughulika na vyombo vya hali ya hewa: vile vikombe vidogo vinavyozunguka kupima kasi ya upepo, vipimajoto, masanduku ya nyaya yanayotuma habari kwa simu kutoka milimani. Vinafungwa ng'ambo kwenye vilele ambako hakuna anayeishi, vinapigwa na barafu na radi, kisha vinaletwa mezani kwangu vikiwa vimepinda. Mimi navisafisha, nachomelea nyaya upya, navipima, navifungasha. Kwenda kuvifunga ilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine aliacha kazi akahamia Australia, na mimi sikujifanya kusikitika. Bosi wetu ni Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, na Kiswahili chake ni kile cha gereji za Nakuru, kimejaa spana na matusi madogo madogo. Alikuja hadi mezani kwangu na kikombe chake cha chai.

"Natafuta mtu wa Spain mwezi wa tisa," akasema. "Milimani, kaskazini."

"Umeshampata."

"Nani?"

"Mimi hapa."

Akanitazama kana kwamba nimeomba kuendesha ndege. "Dada, huko kuna mbwa mwitu. Insurance wanataka training, wanataka certificate. Si mchezo hiyo."

"Mzee, mimi nimezaliwa Isiolo. Utanitisha na mbwa?"

Hilo la Isiolo lilikuwa kweli, ila sikumwambia kwamba niliondoka huko nikiwa mgongoni mwa mama. Nimekulia Eastleigh, ghorofa ya nne, na mnyama mkali niliyemjua ni panya wa sokoni. Lakini ukitaka kitu huanzi kwa kujipunguza. Nami nilikitaka. Nilikuwa nimechoka kushika vyombo ambavyo vimeona kila kitu, nami sijaona kitu. Nilitaka kusimama pale chombo kinaposimama, nisikie upepo wenyewe, nijue ni nini hasa kinachonipindia kazi yangu. Bosi akanywa chai yake, akasema sawa, nikipasi mafunzo tutakwenda wote wawili, kwa sababu mtu haruhusiwi kufanya kazi huko peke yake.

Kizuizi cha kwanza hakikuwa mbwa mwitu. Kilikuwa mama yangu.

Tunaishi naye Stechford, mimi na yeye, katika nyumba iliyo hatua chache tu kutoka stesheni. Nina umri wa kuitwa mama na watu wasionijua, nimeolewa nikaachika, bili zote zina jina langu, lakini safari ya mbali bila radhi ya mama siijui inaanzia wapi. Wengine watacheka. Wacheke tu. Kwetu radhi si ruhusa, maana ruhusa nilikwisha kujipa mwenyewe. Radhi ni kule kujua kwamba mtu aliyekuzaa ametulia moyoni unapofunga mlango. Ukiikosa, hata kiatu kikikukaza unaanza kujiuliza.

Nilimweleza wakati anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi sina neno, hooyo."

Hooyo ni mama kwa Kisomali. Mimi namwita hivyo, na yeye, kama mama wote wa Kisomali, ananiita hivyo hivyo. Na "sina neno" ikisemwa kwa sauti ile, macho yakiwa kwenye soksi, maana yake ni kwamba yako maneno ya kujaza ghala, na hutapewa hata moja.

"Hooyo, nataka radhi yako."

"Nimesema sina neno. Wewe enda. Mimi nitasema nini?"

Nikajua kazi ipo.

Mafunzo yalifanyika Sutton Coldfield, kwenye ile mbuga kubwa yenye vichaka, madimbwi na farasi wanaojilisha. Tulipanda treni na bosi Jumamosi asubuhi, yeye amevaa buti mpya zilizomkaza, mimi nimevaa dera langu la safari na koti juu. Mwalimu alikuwa mama wa Kiingereza, mrefu, mkavu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye misitu ya nchi za baridi. Nilimpenda mara moja kwa sababu hakupoteza muda kututisha. Alisema yamkini hatutamwona mbwa mwitu hata mmoja, kwa kuwa yeye hutuona sisi kwanza na kujiendea zake. Akasema tunajifunza kwa ajili ya ile siku moja.

Usikimbie, akasema, maana ukikimbia umejigeuza kitoweo. Mgeukie, mtazame, fungua koti uonekane mkubwa, ongea kwa sauti nzito, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo. Mkiwa wawili mkae bega kwa bega. Akizidi kusogea, tupa mawe, gonga chuma, piga kelele. Akikushika, pigana, na ufanye kila njia usianguke. Kisha akaja kwenye chakula, na hapo akawa mkali kuliko alivyokuwa kwenye meno. Chakula kifungwe vizuri na kikae ndani ya gari. Mbwa mwitu asitupiwe hata kipande, hata kama mnadhani mnamwondoa, kwa sababu mnyama aliyeonja chakula cha mtu atamngoja mtu anayefuata.

Nilielewa yote. Ningeweza kuyarudia kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza, na kwa kweli niliyarudia, maana bosi alikuwa anamtazama farasi.

Halafu likaja zoezi. Mwalimu alikuwa na mbwa wake, dume kubwa la kijivu lenye manyoya shingoni kama shali. Alimpeleka mbali, akatuambia tusimame, kisha akamwita kwa filimbi. Mbwa akatoka kichakani anakuja mbio, ulimi nje, mate yakiruka pande zote.

Sikumbuki kuamua lolote. Nakumbuka nimekusanya dera langu kwa mikono miwili hadi magotini, nimemshika bosi mgongoni na kumsukuma mbele yangu, halafu nimetimua mbio kuelekea stesheni. Mbwa akaona mchezo umenoga, akampita bosi, akanifuata. Nilizunguka mti mmoja mara kadhaa, yeye nyuma yangu akifurahi sana, mpaka filimbi ikalia tena. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Bosi hakuziba chochote, alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi zenye umande.

"Msichana wa Isiolo," akasema alipopata pumzi. "Certificate yako imekimbia, dada. Imepanda treni."

Mwalimu alisema nirudi mwisho wa mwezi. Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi.

Ndani ya treni nilikaa nimenuna, nikiwaza. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa nimeogopa kuumwa. Wazo la meno halikunijia kabisa. Kilichonijia ni mate. Sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na mate ya mbwa yakigusa nguo ni kazi: kuosha mara saba, moja kwa maji ya udongo, ndipo uswalie. Ukikulia hivyo, na ukaja kuishi Birmingham ambako kila mtu wa pili anatembea na mbwa asiyejua salamu nyingine ila kukurukia, unajifunza namna ya kupita. Unakusanya nguo, unamweka mwenzako katikati, unavuka barabara. Watoto wetu wanafanya hivyo kabla hawajajua kusoma. Ni adabu nzuri sana kwa Stechford. Mbele ya mbwa mwitu, hakuna njia ya haraka zaidi ya kujiitia maafa: umempa mgongo, umekimbia, na umemsukuma mwenzako mbele.

Jioni hiyo nilitoka na mama kwenda dukani. Jirani akatokea na kibwa chake chenye nywele za kusukwa, kidogo kuliko mfuko wa viazi. Mama akakusanya jilbabu lake, akavuka. Nikamfuata. Tulipofika upande wa pili nikamwuliza.

"Hooyo, wewe unaogopa mbwa?"

Alisimama kabisa. Sikuwa nimemwona akiudhika hivyo tangu siku ya talaka yangu. "Mimi? Mimi nimefukuza fisi na fimbo. Na mawe. Na mdomo peke yake. Niogope hii kitu?"

"Mbona tunavuka?"

"Nguo," akasema, kama mtu anayemweleza mgeni. "Niko na maghrib hapa mbele. Nikiguswa niende kuosha na udongo wa nani?"

Akaendelea kutembea, bila wasiwasi, mgongo umenyooka. Nikamtazama kwa nyuma na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona maisha yangu yote. Yeye alikuwa anavuka moyo wake umetulia. Analinda swala, basi. Mimi nilikuwa nimeiga miguu bila kuuliza nia, na miguu yangu, isiyo na fisi wala fimbo nyuma yake, ilikuwa imejifunza woga tu.

Dawa ilikuwa rahisi. Nilinunua koti la mvua refu hadi vifundoni, la kubaki nje ya mlango. Ndani ya koti lile niliziambia nguo zangu zimesalimika, mate yarukie yatakako. Kila jioni baada ya kazi nilikwenda kwenye uwanja wa nyasi karibu na kwetu kusimama. Kusimama tu. Mbwa wakija, nageuka, nafungua koti, naongea. Wenye mbwa walinitazama kwa mashaka na wengine waliniomba radhi bila sababu. Mama alikuja pia, akakaa kwenye benchi na shali lake, na akawa mwalimu asiyebakisha.

"Umekunja magoti. Mtu amekunja magoti anataka kukimbia."

Au: "Hiyo sauti ya kuomba. Sema na yeye kama amekuja kuiba."

Siku moja niliona amefurahi kwelikweli, nimesimama imara mbele ya bulldogi mmoja mnene mpaka bulldogi mwenyewe akakaa. Nikaona huu ndio wakati. Nikaenda kwenye benchi nikamwambia, "Kwa hivyo umeniradhia?"

"Nakufundisha kusimama," akasema. "Sijasema uende."

Mwisho wa mwezi nilirudi Sutton Coldfield. Lile dume la kijivu likatoka kichakani linakuja mbio, nami nikaligeukia, nikafungua koti, nikaliambia kwa sauti ya mama kwamba hapa si kwao. Lilipunguza mwendo, likasimama, likatikisa mkia kwa aibu. Mwalimu akatia saini cheti changu palepale juu ya paa la gari. Bosi, ambaye mara hii ndiye aliyerudi nyuma kidogo, alisema atanining'iniza mlangoni mwa karakana nilinde vyombo.

Nilisema mama hakuwa na neno. Alikuwa na nyama.

Wiki ya mwisho alinunua paja la ng'ombe kwa mchinjaji wetu, akalikata vipande virefu, akavianika kwenye kamba aliyoifunga juu ya redieta ya jikoni. Nyumba ikanuka kambi ya ngamia. Vilipokauka alivikatakata vidogo kama punje za mahindi, akavikaanga kwa samli na iliki mpaka vikawa vyeusi vinavyong'aa. Hiyo ndiyo nyirinyiri, chakula cha safari cha watu wa kaskazini mwa Kenya. Ikizamishwa ndani ya samli haiharibiki kwa miezi. Akaijaza kwenye kopo kubwa la bati, akashindilia mfuniko kwa kiganja.

Niliguswa. Nilidhani ananitunza tumbo, maana huko tulikokuwa tunakwenda mkate hauji bila kipande cha nguruwe ndani yake. Nikamshukuru.

"Usikule yote," akasema. "Bakisha."

"Nibakishe ya nini?"

"Ukikutana na huyo mbwa yenu, umtupie. Akiwa anakula, wewe unaenda zako."

Nikamweleza aliyosema mwalimu. Nilieleza vizuri, kwa heshima, kwamba mnyama akishapewa atamngoja anayefuata. Mama alikuwa anapangusa samli iliyomwagika kwenye meza, akapangusa mahali palepale kwa muda mrefu.

"Mwalimu yako amesema ya mwalimu," akasema. "Mimi nimesema ya mama. Beba."

Nikabeba. Asubuhi ya safari alinisomea dua mlangoni kama anavyonisomea hata nikienda kwa daktari wa meno, akanifunga vifungo vya koti, lakini lile neno nililolingoja hakulisema. Niliingia kwenye gari la bosi kwenda uwanja wa ndege nikiwa na cheti, vyombo vyangu vyote, kopo la nyirinyiri lililozungushiwa taulo, na moyo ulionilemea. Sitasema uongo, nililia kidogo kwenye barabara kuu. Bosi akaongeza sauti ya redio, na huo ni upole wake.

Milima yenyewe nitaieleza kwa ufupi kwa sababu sina maneno yake. Ni mawe ya kijivu, nyasi fupi, ukungu unaopanda kutoka bondeni na kushuka tena. Chini kuna kijiji cha nyumba chache, na mama mmoja mfugaji wa kondoo ndiye anayetunza ufunguo wa geti la barabara ya juu. Kila asubuhi binti yake alitufungulia, akaenda zake na kondoo na majibwa makubwa meupe ambayo, nasema kwa fahari, niliyapita bila kukunja goti. Na upepo niliusikia. Siku ya kwanza nilisimama chini ya mlingoti, nikafungua mdomo, na upepo ukauingia ukanijaza mpaka nikacheka peke yangu. Vile vikombe vyangu vilikuwa vinazunguka juu hata havionekani. Basi, ni wewe, nilisema moyoni. Ni wewe unayenitesa Hockley.

Kanuni ya chakula tuliifuata kila siku isipokuwa moja. Gari lilibaki chini ya mteremko, robo saa kwa miguu, na siku ya mwisho kazi ilikuwa nyingi, nikapanda na mfuko wenye mkate na kopo ili tusishuke mchana. Tulikula tumeegemea jiwe. Bosi akasema nyirinyiri ile imemkumbusha duka la Msomali wa Nakuru, akala zaidi ya mimi. Kisha akagundua amesahau boliti za akiba. Tukajua kabisa kwamba haturuhusiwi kuachana, na tukaachana, kwa sababu ni hapo tu, chini kidogo. Mimi nikarudi kwenye mlingoti. Mfuko niliuacha kwenye jiwe, kopo limefunikwa nusunusu.

Nilipogeuka kuchukua koleo, alikuwa pale.

Si yule wa kwetu wa Afrika mwenye madoa na masikio ya duara. Huyu alikuwa wa kijivu na kahawia, miguu mirefu, kifua chembamba, bado kijana nadhani. Alikuwa mkubwa kuliko nilivyotarajia na mkimya kuliko nilivyotarajia. Alisimama upande wa pili wa jiwe, pua juu, akiusoma ule upepo wangu. Samli ya mama ilikuwa inamwita.

Miguu iliomba kukimbia. Niliisikia ikiomba, ile miguu ya Stechford. Nikainyoosha. Nikamgeukia, nikafungua koti, nikasema, "Toka hapo. Toka. Hiyo si yako."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa ya rangi ya chai isiyo na maziwa, na hayakuwa na chuki yoyote. Kisha akafanya lile ambalo mwalimu alisema ni nadra: hakuondoka. Alisogea, akaingiza pua ndani ya mfuko.

Hapo nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kumtii mama. Sikuhitaji hata kutupa kitu. Kopo lilikuwa mbele yake, njia ya gari ilikuwa nyuma yangu, wazi, na bosi yuko chini. Ningerudi nyuma polepole, yeye akala, mimi nikaishi, kila mtu akapata haki yake. Na nitasema wazi kwamba nilitamani. Lakini kesho yake asubuhi binti wa yule mama angefungua geti na kupanda na kondoo wake, na huyu angekuwa hapa, anangoja, akijua kwamba binadamu ananuka samli. Nilimwona yule binti waziwazi akilini, na soksi zake za rangi mbili tofauti.

Nikachukua spana kubwa nikagonga mlingoti. Chuma kikalia mlima mzima. Akainua kichwa. Nikagonga tena, nikaokota jiwe nikatupa, likampita karibu na bega, nikatupa jingine, na muda wote nikimtukana kwa lugha zote nilizo nazo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilipiga hatua moja mbele. Alinipima. Halafu akageuka, bila haraka hata kidogo, akaingia kwenye ukungu kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Nilifunga kopo. Bosi alipanda mbio, kilemba kimelegea, uso mwekundu, akanikuta nimeketi juu ya mfuko.

"Nilisikia kengele," akasema huku akihema.

"Mgeni alikuja. Ameondoka."

Alikaa kando yangu, akakaza kilemba chake. Tulishuka bega kwa bega, tukawaambia wenye kijiji ili wajue, na mama mfugaji akatushika mikono.

Nilirudi Stechford Alhamisi mchana. Mama alikuwa jikoni anachambua dengu. Alinikumbatia, akanipapasa mabega na mikono kama anayetafuta kilichopungua, akaniketisha, akanipa chai. Nilikuwa nimejaa hadithi yangu. Nilisimulia kwa fahari, nikasimama katikati ya jikoni nikamwonyesha magoti yalivyonyooka, nikagonga sufuria kwa mwiko. Kisha nikatoa kopo, nikaliweka mezani mbele yake.

"Na nyirinyiri yako nimeiokoa," nikasema.

Alitazama kopo. Akafungua mfuniko, akaona ilivyobaki. Nilingoja acheke. Akaanza kulia, na ndani ya kilio kulikuwa na hasira.

"Nani alikwambia uokoe? Mimi nilipika ile ulale njaa huko? Nilipika umpe. Yote. Kopo na samli, umpe na mfuko. Nilitaka urudi. Sikutaka kitu kingine."

"Hooyo, nimerudi."

"Umerudi kwa bahati."

"Ningempa, angemngoja mwingine. Kuna binti wa watu pale, anapanda kila asubuhi."

"Najua."

"Nilikueleza kabla ya kwenda, lakini hukutaka—"

"Nimesema najua," akasema. Alisukuma dengu kando, mikono ikabaki juu ya meza. Alisema polepole, akitazama mikono yake. "Nilikuwa mdogo, nachunga mbuzi. Fisi akakuja mchana. Nikamsukumia mbuzi mmoja kilema, nikapeleka wale wengine nyumbani. Baba alinisifu. Alisema nimetumia akili. Kesho yake ilikuwa zamu ya mdogo yangu."

Mdogo wake ni mama mdogo wangu, aliye Isiolo hadi leo, mwenye mkono wa kushoto uliokunjamana kutoka kiwiko hadi vidole. Maisha yetu yote tuliambiwa aliungua na mafuta ya maandazi.

"Fisi alikuwa amekaa palepale," mama akasema. "Anangoja."

Birika lilikuwa limekwisha kuchemka, nikalizima.

"Kwa hivyo ulijua," nikasema. "Ulijua, na ukanipikia."

"Huyo binti wa watu simjui. Wewe nakujua." Alijipangusa uso kwa ncha ya shali. Hakuonekana mtu anayeomba msamaha, na mimi sikutaka auombe. Nilimpenda wakati ule kuliko wakati wowote, na pia niliogopa kidogo jinsi anavyonipenda. Akanyoosha mkono akauweka juu ya kichwa changu, uzito wote wa kiganja. "Ukienda tena, enda na radhi yangu. Umesimama vizuri. Mimi sikusimama. Lakini sipiki tena."

Kisha akaniomba nimpigie simu mama mdogo. Isiolo ilikuwa jioni, nikasikia watoto na kuku nyuma ya sauti yake. Mama alimsalimu kama kawaida yao, afya, mvua, mbuzi, bei ya sukari, nani amezaa, nani amekufa. Aliniashiria nitoke, sikutoka. Akahamishia simu sikio la pili, halafu akamwuliza mkono unaendeleaje.